Maboga Manne na Benchi la Ufundi

Jumatatu, 4 Mei

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili. Mashamba ya mkonge yamekufa, mimi nipo. Treni ya makaa imekufa, mimi nipo. Daraja la Mkondoa lilichukuliwa na maji, mimi nilikuwa nimelivuka jana yake. Hata daktari aliyenikataza chumvi tulimzika, na wali wa matanga yake ulikuwa na chumvi ya kutosha.

Daftari hili amenipa Gaudiosa, mke wa mwanangu, ambaye ninakaa kwake hapa Mabwerebwere, Kilosa. Amesema hasira zangu niziandike, maana masikio yake yamejaa. Sawa. Kuandika najua. Nilisoma elimu ya watu wazima na nikawa wa pili darasani. Tulikuwa watatu.

Naanza. Jana Behewa tumefungwa saba bila. Saba! Behewa ni timu ya Kilosa, tuliianzisha sisi watu wa reli. Mwaka jana ilipanda Ligi Kuu, watu wakalia kwa furaha, na mimi mjinga nikalia nao. Tangu siku hiyo haijacheza hapa hata mechi moja. Ati uwanja wetu hauna uzio. Ati hauna vyoo vya wageni. Basi nyumbani kwetu sasa ni Morogoro. Nyumbani gani kwa kupanda treni? Na kambi iko Mikumi, kwenye hoteli ya mfadhili, wachezaji wanakula soseji.

Pale uwanjani kwetu kuna benchi. Mataruma mawili ya mbao, niliyabeba mwenyewe kutoka relini, begani. Nimekaa mwisho wa kushoto miaka thelathini na nne. Nilikuwa mkuu wa ufundi. Kila mtu anajua ufundi ni nini. Kocha anashughulika na miguu. Ufundi unashughulika na mengine: mayai, chumvi ya mawe, timu ipite mlangoni au iingie kinyumenyume. Nimeshinda mechi nyingi kuliko kocha yeyote. Mara moja tu nilikosea. Nilizika mayai kwenye goli la wageni, nikasahau kuwa kipindi cha pili timu hubadilishana magoli. Kipindi cha kwanza tulikuwa tunaongoza tatu. Cha pili tuache.

Sasa nakaa bandani kwa Teresia muuza chai, naangalia televisheni kama mgonjwa. Jana mabao yalipofika saba Behewa wakapata kona. Watu wakasimama wakapiga makofi. Kwa kona!

Jumanne, 5 Mei

Wameniona! Nilijua watanirudia tu!

Tangazo limebandikwa mlango wa ofisi ya klabu. Nimelisoma mwenyewe, mara tatu, bila kusaidiwa. Linasema wote watakaokaa BENCHI LA UFUNDI mechi ya mwisho lazima wawe na LESENI. Ufundi. Limeandikwa kwa herufi kubwa kabisa. Mechi ya mwisho ni Jumapili hii, Morogoro, na Dagaa United ya kule ziwani. Sare tunabaki Ligi Kuu. Tukifungwa tunashuka. Bila shaka wameona kuwa bila ufundi hawatoki.

Ditram alinikuta pale mlangoni. Huyu Ditram zamani nilikuwa namtuma kununua mayai, na alikuwa anachagua madogo. Leo ni mtunza vifaa wa timu. Ana traksuti yenye jina mgongoni. Anakaa kwenye viti vya plastiki vyenye paa na televisheni inamwonyesha. Babu yake aliletwa kukata mkonge kutoka Songea, ni mtani wangu, kwa hiyo kukasirika siruhusiwi. Anajua, na anatumia nafasi. Leo aliniambia nisihangaike na benchi, kwa umri wangu limebaki moja tu, lile la kuoshewa maiti, na yeye ameshaniwekea nafasi mwisho wa kushoto.

Nilicheka. Utani ni utani. Nilipofika nyumbani nikapiga teke ndoo.

Jumatano, 6 Mei

Nimepata leseni. Si mchezo.

Nilivaa kanzu nikaenda ofisi wanakoandikisha tiba za asili. Binti wa pale aliniamkia vizuri, shikamoo iliyonyooka, kisha akauliza natibu nini. Nikasema miguu mizito ya washambuliaji. Akaandika "miguu". Akauliza kwa dawa gani. Nikasema mayai. Akaandika "lishe". Nikatoka na karatasi yenye muhuri wa bluu. Aliniambia hiyo si leseni, ni ya kuonyesha kuwa maombi yamepokelewa. Vijana wanapenda maneno. Muhuri ni muhuri.

Nikaipeleka kwa Loveth, katibu wa klabu. Ana miaka ishirini na sita na kompyuta ya kukunja. Alisoma karatasi. Akaisoma tena. Akaomba dakika moja, akaingia chumba cha ndani, nikasikia kitu kama mtu anakohoa. Alirudi macho yamelowa. Akanieleza taratibu, kama anamlisha mtoto uji, kwamba benchi la ufundi ni kocha, msaidizi wake, daktari na mtunza vifaa. Ufundi wa mpira, Babu, si ule mwingine. Ule mwingine Ligi Kuu wanatoza faini.

Nikauliza, na mimi je? Akasema mimi wataniweka kwenye kumbukumbu za klabu.

Kumbukumbu! Nimesimama mbele yake, napumua, ananiweka kwenye kumbukumbu!

Ditram alikuwa dirishani na mfuko wa mipira. Alinionyesha tu kwa vidole kama mtu anayepima urefu wa sanda.

Alhamisi, 7 Mei

Sikulala. Nimefikiri. Kama timu iko Ligi Kuu, benchi liko Morogoro na Ditram yuko juu yake. Kama timu ikishuka, inarudi Kilosa, kwenye mataruma, na mahali pangu kushoto pananingoja. Kwa hiyo timu ishuke.

Lakini mimi si mtu mbaya. Nimefanya uchunguzi kwanza. Nimezunguka mji mzima kuuliza washabiki kama wanaifurahia hii Ligi Kuu yao.

Kasiani wa bodaboda anafurahia sana. Ana jezi ya Behewa juu na jezi ya wale wekundu wa Dar chini yake. Alikiri kuwa wekundu walipotufunga matano alishangilia matatu na akasikitika mawili, ili atende haki. Teresia anafurahia, siku ya mechi banda linajaa. Akaongeza kuwa anakumbuka zamani nikipiga kelele uwanjani mpaka mwamuzi anaomba maji. Hilo halikuwa jibu, sikuliandika.

Gaudiosa naye anafurahia. Huyu mpira hajui, hata kona hajui. Nikamuuliza anafurahia nini. Alikuwa anapepeta mchele, akasimamisha ungo. Akasema kila Jumapili redioni wanasema Kilosa. Zamani wakisema Kilosa ujue kuna mafuriko au treni imeanguka. Sasa wanasema Kilosa tu, katikati ya miji mingine, kama mji.

Nikamwambia wanasema Kilosa imefungwa saba. Akasema haidhuru, wamesema.

Huyo ndiye mkwe wangu.

Kwa jumla, tisa wanafurahia. Wawili hawafurahii: mimi, na mzee mmoja aliyeshuka kutoka Mamboya kuuza maharage. Yeye aliuliza Ligi Kuu ni kitu gani, nikamhesabu upande wangu. Lakini mimi ni mwasisi, kura yangu ni kumi. Kumi na moja kwa tisa. Watu wameamua.

Ijumaa, 8 Mei

Kazi ya leo haijapata kufanywa na mtu mwingine nchi hii.

Nilimwomba Gaudiosa maboga manne ya shambani kwake. Nikasema ni ya mgonjwa, Mikumi. Akachagua makubwa, matamu, na akaniambia nimpe pole. Nikayatoboa juu. Nikaandika majina ya wachezaji, saa mbili nzima, mwandiko safi. Nilipata majina kumi. La kumi na moja lilinitoka kichwani, nikaandika Ditram. Nikaichana karatasi vipande vinne, kila boga kipande chake. Ufundi wa kushusha timu ni boga la kichwa chini. Hii niliibuni mwenyewe. Hata vitabuni haimo.

Basi la asubuhi, saa tano niko Mikumi. Uwanja wa mazoezi uko nyuma ya hoteli na baada ya hapo ni pori la hifadhi, hakuna kitu katikati ila nyasi. Mlinzi akauliza mimi nani. Nikasema mkaguzi wa viwanja kutoka ligi. Akaniamkia na kunishikia jembe! Kona nne, maboga manne. Saa sita mchana, jua la utosi, wachezaji wanakula. Nikachimba moja baada ya jingine. Mgongo ulilia, nikauambia unyamaze.

Nilipokuwa kona ya mwisho akapita kocha Elia, yule mwenye leseni, amevaa miwani ya jua. Hana hata miaka arobaini. Aliniambia, "Niaje, mzee." Niaje! Mimi! Hakuna shikamoo, hakuna hujambo. Sikuitika. Nikalisukuma boga chini zaidi.

Jumamosi, 9 Mei

Laana! Tembo!

Kasiani amekuja na habari kutoka Mikumi. Leo alfajiri tembo watano wameingia uwanja wa mazoezi. Wamefukua kona zote nne. Goli moja wamelivunja, wakaacha kinyesi kwenye eneo la penati. Wachezaji walitoka madirishani. Walirushwa ndani ya basi wengine peku, wengine na taulo, mizigo ikatupwa juu yao, wakakimbilia Morogoro bila hata chai. Watu wa hifadhi wanashangaa, hawajawahi kuwaona tembo wakifika pale.

Wamekula kazi yangu. Siku nzima ya jembe! Nauli! Boga lililokwisha kuliwa lina nguvu gani? Kesho timu itatoka sare, itabaki, nami nitakufa nikiangalia televisheni.

Gaudiosa ameuliza hali ya mgonjwa. Nikasema amekula.

Jumapili, 10 Mei

TUMESHUKA!

Niandike kwa utaratibu.

Banda la Teresia limejaa mpaka barabarani. Saa kumi mpira umeanza. Dakika ya ishirini Dagaa wamepata bao. Kisha hakuna kitu. Tunahitaji moja tu. Dakika ya themanini na tisa, penati! Kwetu! Watu wamekumbatiana, Kasiani amenibusu kichwa. Petro, mshambuliaji wetu, ameweka mpira. Nikaona viatu vyake ni vyekundu, vikubwa kama mitumbwi. Akaja mbio. Akapiga.

Kiatu kimeingia golini. Mpira haukuingia.

Kiatu kimegonga wavu juu kulia, bao zuri kabisa, kipa hakukiona. Mpira umeviringika pembeni kama yai.

Teresia alizima televisheni kabla ya filimbi. Niliangalia chini ili meno yasionekane. Mzee wa miaka sabini na tisa, peke yangu, nimeishusha timu nzima ya Ligi Kuu! Hata tembo hawakuweza kunizuia!

Nyumbani Gaudiosa alikuwa jikoni, redio imezimwa, anafuta macho. Alikuwa anakata vitunguu. Sikuona vitunguu, lakini lazima vilikuwepo.

Jumanne, 12 Mei

Siku mbili nimefunga mdomo. Ni ugonjwa. Tumbo limejaa. Nimefanya jambo kubwa kuliko yote maishani mwangu na siwezi kumwambia mtu, watanipiga mawe.

Na sasa sikia uonevu. Imejulikana kwamba viatu vya Petro vilisahaulika Mikumi. Alicheza na vya kuazima, namba mbili zaidi. Aliyevisahau ni mtunza vifaa. Basi mji mzima ni Ditram, Ditram, Ditram! Ditram ameishusha timu. Kasiani amemtungia jina, anaitwa Mzee Kiatu. Redioni walimtaja kwa jina lake lote, na jina la baba yake!

Ditram! Aliyekuwa anachagua mayai madogo! Ameishushaje timu huyu? Hawezi kushusha hata ndoo kisimani.

Alhamisi, 14 Mei

Nimekwenda kwa Ditram kumpa pole, yaani kuangalia. Traksuti ameivua, ameikunja juu ya kiti. Nilimkuta na watu kumi na wawili wamekuja kumlaumu, wengine wametoka mpaka Mvumi kwa miguu. Kumi na wawili! Kwangu mwaka mzima hajaja mtu.

Walipoondoka nikamtania, nikamwambia sasa nafasi ya kuoshewa ni yake. Hakujibu. Mtani wangu hakujibu. Akasema tu kwamba begi la viatu alikuwa amelishika mkononi, na tembo alikuwa karibu kama mlango ule, akaliacha. Hali chakula. Kesho kuna mkutano wa wanachama na watamfukuza klabuni. Miaka thelathini, akasema.

Niliumia. Kweli niliumia. Atafukuzwa kwa kazi yangu, na itaandikwa kwenye kumbukumbu kuwa ni yake.

Ijumaa, 15 Mei

Mkutano ulikuwa uwanjani. Nilifika wa kwanza. Nikakaa mwisho wa kushoto. Taruma lilinikumbuka, lina shimo la kipimo changu. Nilikaa nusu saa peke yangu. Sijapata raha kama ile tangu timu ipande.

Kisha watu wakajaa. Loveth akasoma shtaka. Kocha Elia alieleza kuwa bila tembo begi lisingeachwa, na tembo walifuata maboga, na mpaka leo haijulikani ni kichaa gani alizika maboga kwenye kona. Watu wakasema maboga au si maboga, Ditram ndiye aliyeishusha timu, afukuzwe. Mikono ikaanza kunyooshwa.

Nikasimama.

Nikasema jamani, msimpe huyu sifa asiyostahili. Timu nimeishusha MIMI. Nikaeleza yote: kona nne, kichwa chini, majina kumi na la Ditram. Nikasema hata kusahau kwake viatu ni kazi yangu, kwa maana jina lake lilikuwamo kwenye boga! Yeye ni kama jembe, mkulima ni mimi. Nilisema vizuri sana, sauti ilifika relini.

Loveth alikuwa anaandika. Nikamwambia jina langu liwe Mwinshehe, asisahau herufi ya n katikati, watu huikosea. Gaudiosa alikuwa amesimama nyuma na beseni la vitafunwa. Akauliza, polepole, kama mgonjwa wa Mikumi ndiye Behewa.

Sikujibu. Mkwe hajibiwi mbele za watu.

Kilichofuata sikukitegemea. Nilidhani watashangaa. Kasiani alirusha ndala. Mwingine akasema ni uzee, nisamehewe, na hilo liliuma kuliko ndala. Ditram alilia, akaja kunikumbatia, akanishukuru kwa kumwokoa mbele ya watu. Nikamwambia aniachie, sikumwokoa, nilimnyang'anya! Hakusikia.

Wakapiga kura. Ditram amerudishiwa traksuti. Mimi nimefungiwa maisha kuingia uwanjani siku za mechi. Maisha! Hawajui hata hesabu, nina miaka sabini na tisa.

Jumapili, 17 Mei

Leo Behewa wamecheza nyumbani. Kilosa! Mara ya kwanza tangu tupande, mechi ya kirafiki na vijana wa Mvumi. Tumeshinda manne. Nimeyahesabu kwa kelele, maana sikuona. Wanachama wamejenga uzio. Mwaka mzima ligi imewaomba uzio wakasema hakuna nguvu, juzi wameujenga kwa siku moja kwa nguzo za mkonge, ili nisiingie mimi. Kuna tundu moja. Kupitia tundu lile nimeona mataruma yangu. Mwisho wa kushoto alikuwa amekaa Ditram, anakunywa maji ya chupa. Akaligundua jicho langu. Akasogea kidogo, akapangusa taruma kwa mkono, kama anakaribisha mtu. Mtani mbaya yule.

Banda la Teresia lilikuwa tupu. Watu waliotoka uwanjani hawakuimba. Niliwauliza, si mmeshinda? Mmoja akasema, tumewafunga Mvumi, babu. Redioni jioni wamesoma matokeo yote ya nchi. Kilosa hawakusema. Gaudiosa alisubiri mpaka mwisho, mpaka hali ya hewa, kisha akazima. Tangu Ijumaa ananipa chakula kizuri, chumvi sawasawa, na haniambii neno. Ni kheri angenitukana.

Lakini mimi nimekwisha ona njia. Nimefungiwa siku za mechi. Timu ikirudi Ligi Kuu, mechi zote zitakwenda Morogoro na uzio haufiki kule. Hapa patabaki patupu. Nitaingia mchana kweupe, nitakaa kushoto, hakuna wa kunitoa. Kwa hiyo Behewa lazima ipande. Na kupandisha ni rahisi, ni kinyume tu cha kushusha. Boga kichwa juu.

Mbegu nimeshapanda asubuhi hii nyuma ya choo. Mashimo manne.

Siku timu itakapopanda wataanza tena Ditram, Ditram. Naandika mapema ili isije ikapotea: ni mimi, zote mbili, kushuka na kupanda. Asiyeamini amuulize Teresia, yupo bandani kila siku. Amuulize mlinzi wa Mikumi aliyenishikia jembe. Ditram msimuulize. Na amuulize Gaudiosa, alikuwa dirishani nikipanda, ameona yote. Alikuja hata kumwagilia.